Barua Ambayo Mama Pumzi Hakuisaini

Siku ya kumuaga Mama Pumzi alipostaafu, mgeni rasmi alisimama na soda yake mkononi akasema mama huyu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, "ila mkaidi kidogo." Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka nao, na mpaka leo kicheko kile kinaniudhi. Kidogo cha nini? Mama yule alikuwa mkaidi hasa, mkaidi wa kukutia aibu mbele za watu, na kama wapo watu Tabora hii wanaojua kilichomo vifuani mwao, wanajua kwa sababu ya ukaidi ule.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Mwenyewe akiulizwa hivyo alijibu, "Kwani unataka kuniposa?" Nitasema niliyoyaona. Mimi ni muuguzi. Kwa miaka tisa nilifanya naye kazi kwenye chumba cha CT-scan cha hospitali moja hapa mjini, mimi nikiweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, na kuchoma dawa ya rangi, yeye akiendesha mashine. Jina lake lilikuwepo kwenye ratiba ya zamu, lakini sikumbuki aliyelitumia. Wagonjwa walimwita Mama Pumzi, nasi tukafuata.

Mashine ile watu waliiogopa. Ni duara kubwa jeupe lenye tundu katikati, na kitanda chembamba kinachoingia na kutoka. Wazee wengi waliamini ukishaingia unafungiwa. Mama Pumzi hakuwabembeleza. Aliwatolea chungwa. Nje ya chumba palikuwa na benchi la mbao, na hapo aliwakalisha wagonjwa wa kifua na wa tumbo, wanne au watano kwa pamoja, akatoa chungwa kwenye mfuko wa koti lake na kisu kidogo, akalimenya kama wauza machungwa wa stendi, ganda likitoka utepe mmoja kuanzia juu mpaka chini.

"Mmeona? Kisu kinazunguka, chungwa linasogea. Mashine yetu ni hivyo hivyo, ila yenyewe haikati mtu. Inazunguka, kitanda kinasogea, inakuchukua kifua kizima kwa mkupuo mmoja. Sasa chungwa likicheza mkononi?"

"Ganda linakatika, mama."

"Haya. Na wewe ukipumua katikati, picha yako inakatika. Daktari ataona mapafu ya watu wawili."

Kisha chungwa liligawanywa kwa wagonjwa wa kifua wasiochomwa dawa. Wa tumbo, ambao walitakiwa wawe hawajala, walibaki kulitazama, na yeye aliwacheka waziwazi.

Baada ya chungwa lilifuata zoezi. Vuta pumzi. Zuia. Alihesabu kwa sauti mpaka kumi na tano, akimwangalia kila mmoja usoni kama mwalimu wa zamu. Aliyeachia mapema alirudishwa mwanzo. Mzee mmoja alilalamika kwamba anaonewa. "Unaonewa?" alimwambia. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu. Njia nzima hii, wakiimba juu! Na wewe sekunde kumi na tano za kulala chali zinakushinda?" Mzee alicheka mpaka akakohoa, tukasubiri kikohozi kiishe, akajaribu tena akaweza.

Mtu wa mbali angeshangaa kwa nini jambo la kuzuia pumzi lilihitaji benchi zima. Angeshangaa kwa sababu hajalelewa na sisi. Huku kwetu mtu mzima akikusemesha, unaitika. Mwanamume anaitika naam, mwanamke anaitika abee, na aliyelelewa vizuri zaidi anainuka kidogo ili aonyeshe amesikia. Mtoto anayekaa kimya anaposemeshwa hupigwa kofi. Sasa umlaze mtu wa namna hiyo kwenye kitanda, sauti ya mtu mzima itoke juu yake ikimwambia azuie pumzi, atafanya nini? Ataitika. Nimewaona kwa macho yangu, wakulima, walimu, hata padri mmoja wa Kipalapala mwenye shahada mbili. "Vuta pumzi, zuia." "Naam, mama!" Na picha imekwisha.

Hilo ndilo alilokuwa akilifundisha pale benchini, na lilikuwa somo gumu kuliko la pumzi. Aliwafundisha watu kukosa adabu. "Nikikusemesha mle ndani usinijibu," aliwaambia. "Ninyamazie. Nimekuruhusu mimi. Ukitoka uniamkie mara tatu, kama unataka." Aliwasalimia kwanza wote, mmoja mmoja, kwa lugha ya kila mmoja. Wanyamwezi mwangaluka, watu wa Ulyankulu wenye asili ya Burundi amahoro, na waliobaki shikamoo au hujambo, akangoja kila salamu iishe na habari za nyumbani ziishe, ili wakiingia ndani wasiwe na salamu iliyobaki tumboni. Watu wa utawala walipita pale wakaona mama anapiga soga na wagonjwa wakati foleni imefika getini.

Wa tumbo walikuwa na balaa lao. Unamwambia mgonjwa asile tangu usiku, anakubali. Lakini mgonjwa ametoka kijijini, amelala kwa ndugu mjini, na ndugu ameamka alfajiri kumpikia. Ukatae chakula cha mwenyeji? Katekista mmoja wa Ulyankulu alikuja ameshiba ugali na kuku, akakiri mwenyewe kwa unyonge. Shemeji yake alikuwa amechinja kuku, alisema, angemwangaliaje usoni? Mama Pumzi alimrudisha bila kumgombeza. Jioni ile, baada ya kazi, alikwenda kwa miguu mpaka kwa yule shemeji, akamwambia kesho asipike chochote mpaka mgonjwa arudi, na kuku aliyebaki akamla yeye. Alinisimulia hayo bila haya hata kidogo.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alinuna. Alikuwa na uwezo wa kununa siku nne kwa sababu mtu kakalia kiti chake. Aliogopa sindano kuliko mtoto. Siku ya chanjo tulimkuta amejificha chumba cha kuhifadhia mashuka, na yeye huyo aliyenichambua kila asubuhi kwa namna ninavyoshika kanula aligeuza uso ukutani akaniminya mkono mpaka ukafa ganzi. Alichukia kushukuriwa, ukimletea asali aliuliza nani mwingine unataka kumhonga. Alihubiri mapafu kutwa, lakini kila msimu alichukua likizo akaenda Urambo kumsaidia kaka yake kufunga tumbaku, akarudi nguo zinanuka moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Nilimuuliza siku moja kama hilo halimsumbui. "Linanisumbua," alisema. "Ada yangu ya shule ilitoka kwenye lile bani. Nifanyeje, niitapike?" Kisha akanipa kazi ya kukunja mashuka ili ninyamaze.

Na kuhusu mionzi alikuwa na msimamo mkali, wa Kimoraviani kabisa. "Mionzi si chai," alisema. "Humkaribishi mtu kikombe cha pili." Kumrudia mgonjwa kipimo ilikuwa kwake dhambi, na utaratibu wa hospitali ulikuwa upande wake: kurudia kipimo ni kwa idhini ya mkuu wa idara. Yeye ndiye aliyeudai utaratibu huo uandikwe na kubandikwa ukutani. Nalisema hili mapema ili ieleweke alivunja kitu gani.

Mkuu wa idara tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa kijana wa Dar es Salaam, msomi, mwepesi, hana roho mbaya. Kila asubuhi alimwamkia Mama Pumzi kwa heshima zote. Shida yake ilikuwa foleni. Walimpigia simu kutoka juu wakimuuliza kwa nini hospitali yetu inapima wagonjwa wachache, na jibu aliliona kila siku limekaa pale nje linamenya chungwa. Mashine ina sauti yake yenyewe ya kuelekeza wagonjwa, ya mwanamke wa Kizungu anayesema Kiingereza, imerekodiwa humo humo. Mama Pumzi aliizima wiki ya kwanza mashine iliposimikwa. Mkuu akaiwasha.

"Mama yangu, hapa tunajichosha bure," alimwambia. "Mashine inaongea. We bonyeza tu, twende kazi."

"Inaongea na nani?"

"Mama, ni vuta pumzi na zuia tu. Hata asipoelewa, atahisi."

Benchi likaondolewa asubuhi hiyo hiyo. Kwa siku tatu tulifanya kazi haraka sana, nakiri. Na siku ya nne akaja baba mmoja kutoka machimbo ya Lusu.

Alikuwa mtu wa makamo, mponda mawe ya dhahabu, mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa amekohoa kwa muda mrefu. Makohozi yake yalipimwa mara kadhaa na hayakuonyesha kifua kikuu, lakini dawa za kifua kikuu alipewa hata hivyo, dozi nzima, halafu ya pili, kwa sababu mtu anayekohoa vile na kukonda vile ana nini kingine? Nilipokuwa namtafutia mshipa, aliniambia jambo moja tu kuhusu nyumbani kwake. Ana sahani yake, ana kikombe chake, na anakula peke yake nyuma ya nyumba. Watoto wamekatazwa kumsogelea wakati wa kula. Mdogo wao alikuwa na miaka mitatu na hajawahi kula naye sahani moja.

Akalazwa, kitanda kikaingia. Sauti ya yule mwanamke wa Kizungu ikasema maneno yake. Na baba wa watu akafanya kile ambacho mtu mwenye malezi hufanya akisemeshwa na mama asiyemwona. Akainua kichwa, akasema, "Naam, mama? Sijakusikia vizuri."

Picha ilitoka chafu. Kingo za mapafu zilikuwa mbili mbili, na kilichokuwa katikati hakikusomeka. Mkuu aliiangalia juu ya bega la Mama Pumzi. Daktari anayesoma picha zetu alikuwa Dar, anazipokea kwa mtandao. "Itume," mkuu akasema. "Atasoma kinachosomeka. Historia ipo, ni makovu ya TB."

"Atasoma makovu kwa sababu tumemwandikia makovu," Mama Pumzi alisema. "Hii sitaki itoke na jina langu. Nipe idhini nirudie."

"Mama, mionzi si chai. Si wewe unayesema?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei yangu. Mama Pumzi alijua kwamba safari hii utaratibu alioudai mwenyewe unampinga. Kisha akasema maneno ambayo baadaye yalizua yote: "Basi nenda kalale pale wewe, nikusemeshe kwa Kinyamwezi, tuone utahisi nini." Akazima sauti ya mashine, akaingia ndani, akamwinua yule baba, akakaa naye pembeni ya kitanda. Akamsalimia. Akamuuliza habari za Lusu, za mvua, za watoto. Akamfundisha kumnyamazia. Akarudi nyuma ya kioo, akabonyeza.

Picha ya pili ilikuwa safi. Ilionyesha punje ndogondogo zimetapakaa mapafu yote mawili, na jibu la daktari likarudi kesho yake: lile lilikuwa vumbi la mawe, na dalili za kifua kikuu hakuziona. Mama Pumzi alifuatana na daktari wa wodi kwenda kumweleza. Wala hawakumdanganya. Vumbi likishakaa halitoki, aliambiwa, na mawe aache leo hii. Yule baba alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali moja: je, huo ugonjwa wa vumbi unaambukiza kwenye sahani? Walipomwambia hapana, aliinama akafunika uso kwa mikono. Alirudi Lusu na cheti chake. Mke wake alipiga simu wiki ile kusema anakula na wanawe.

Hapo ndipo barua ilipoandikwa. Ilisema mtumishi amekaidi maelekezo, amerudia kipimo cha mionzi bila idhini, na amemtolea mkuu wake matusi mbele ya mgonjwa. Akiri kosa kwa kusaini hapo chini. Ilihitaji pia shahidi, na shahidi aliyekuwepo ni mimi. Matusi hayakuwepo. Mkuu aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akaniambia ni utaratibu tu, na kwamba mkataba wangu unakuja mezani mwezi ujao. Nina wanangu wawili na mama mzee Kipalapala. Nikasaini.

Mama Pumzi hakusaini. Siku hiyo hakusaini, wala mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Kila walipomwita alijibu, "Andikeni kilichotokea, nitasaini." Kupandishwa daraja kulisimama. Alistaafu vile vile, na barua ikabaki kwenye faili lake na nafasi yake wazi. Kwangu mimi hakuwahi kunena neno kuhusu saini yangu. Aliendelea kunichambua kuhusu kanula.

Mkuu yule alishahamishwa. Aliyekuja baada yake ni dada mtulivu, na hakukaa muda mrefu kabla ya kuona kwamba picha za kifua zinazotoka kwetu nusu yazo hazifai, na kwamba vijana wapya hawajui kuwalaza watu. Akaomba Mama Pumzi arudishwe kwa mkataba aje awafundishe. Ofisi ya utumishi ikakubali, kwa sharti moja. Kwenye faili kuna jambo halijafungwa. Asaini ile barua kwanza. Wakanipa mimi nimpelekee, kwa kuwa, walisema, tunaelewana.

Nilimkuta nyumbani kwake Itetemia, mchana, ameketi kwenye jamvi anatoa karanga moja moja kwenye mizizi yake. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilimwamkia nikiwa nimepiga magoti.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na bahasha."

"Nimekuja na habari njema, mama."

"Habari njema haina gundi. Lete."

Alivaa miwani akasoma taratibu, midomo ikicheza. Nilimweleza yote: vijana, picha mbovu, watu wanaorudishwa vijijini bila jibu. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Saini tu, mama. Karatasi ni karatasi. Jumatatu unaanza, benchi lako linarudi. Wanakuhitaji."

Alivua miwani. "Nataka kurudi," alisema. Sauti yake ilikuwa chini na sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. "Usidhani sitaki. Nakaa hapa naongea na karanga. Lakini nikisaini hii, yule baba wa Lusu alipigwa picha ya pili kimakosa. Itakuwa imeandikwa, na mimi nimekubali. Kesho mwingine atainua kichwa, na kijana aliye nyuma ya kioo atakumbuka mwanamke mmoja alirudia akaomba radhi. Atafanya nini?"

"Ataituma hivyo hivyo."

"Basi nitawafundisha nini hiyo Jumatatu?"

Alinigeuzia karatasi, akaweka kidole chenye udongo chini kabisa ya ukurasa.

"Hapa kuna saini moja tu. Ya nani?"

"Yangu, mama."

"Basi barua hii si ya kwangu. Umekosea nyumba." Akanirudishia, akavuta shina jingine la karanga.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Halafu hasira, na nashukuru hasira ile haikumwendea yeye. Nikatoa daftari langu la zamu, nikachana karatasi mbili, nikaandika magotini nakala mbili zinazofanana: mimi muuguzi niliyesaini barua hii nilikuwepo chumbani. Matusi hayakusemwa. Picha ya kwanza haikusomeka kwa sababu mgonjwa hakuelewa sauti ya mashine. Ya pili ndiyo iliyompa jibu. Nilisaini uongo kwa kuogopa kupoteza kazi. Nikampa asome. Alisoma mara mbili, akasema mwandiko wangu ni mbaya na niweke tarehe.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa dirishani kwa afisa utumishi. Alisoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Sista, unajua hii inaweza kukugeukia wewe?"

"Najua."

"Na hii nakala ya pili ni ya nani?"

"Ya mama. Nampelekea leo."

"Iache, tutaishughulikia."

"Nigongee muhuri wa kupokea," nilisema. "Zote mbili." Nyuma yangu watu walianza kuguna, na mmoja akauliza foleni imesimama kwa nini. Afisa alifungua droo, akaifunga, akajifanya anatafuta wino. Nikaweka viwiko vyangu kwenye kizingiti cha dirisha lake, nikasubiri.